Kaburi la Mgomba

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya mwisho ya uhakiki, kibao kilichokuwa juu ya mlango wa ofisi ya daftari ya Sikulumbi kiliandika: Waliomo, 2. Ndani walikuwa watatu.

Felisia Namalwa alikitazama kibao, akawatazama wageni wake, kisha akakirudia kibao. Alikuwa amefanya kazi ya uhakiki wa daftari la wapiga kura kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona mlango ukikosea hesabu. Mtoto wa mgongoni ulimhesabu. Mgeni asiyejulikana ulimhesabu pia, ukamwandika kuwa mgeni. Kuna aina moja tu ya uso ambayo mlango wa serikali uliipita kana kwamba ni kikapu kilichobebwa na mtu: uso wa marehemu.

Mpango huo ulikuwa na sababu. Katika uchaguzi ambao watu bado walikataa kuuzungumzia mezani, vinyago laini vilichapishwa kutoka kwenye picha za vitambulisho vya watu waliokwisha kuzikwa, vikavaliwa tangu asubuhi hadi jioni, na wafu wa wilaya tatu wakachagua gavana. Tangu hapo, uso wa mtu aliyezikwa ukitokea mbele ya mlango wowote wa umma, mlango huchukulia kwamba ni kinyago. Na kinyago ni kitu, hakihesabiwi.

"Kibao kinasema ameingia mtu mmoja," Felisia alisema.

"Kinanisema mimi," alijibu yule mama mzee. Jina lake lilikuwa Selina Nabangala, na Felisia alimjua kwa sababu alikuwa amemhakiki nyumbani kwake juma lilelile. "Huyu hakimwoni. Hata zahanati ni hivyohivyo. Jana tumesimama pale hadi nikaanza kuusemesha mlango kama mkwe mkaidi."

Mwanamume aliyekuwa kando yake alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja hadi akashika ukingo wa meza. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mrefu, ngozi ya usoni imekauka na kupasuka kama ya mtu aliyekaa miaka mingi kwenye upepo wenye mchanga.

"Na huyu ni nani, mama?"

"Mwanangu. Patroba Sitati." Selina alilitamka jina hilo polepole, kama mtu anayeonja chakula alichokatazwa muda mrefu. "Tangu juzi naweza kumwita."

Felisia hakuuliza kwa nini tangu juzi. Baadaye alikumbuka kwamba hakuuliza.

Alimwomba Patroba aweke vidole kwenye kioo. Jibu lilikuja mara moja: alama zote kumi ni za Patroba Sitati, alizikwa Sikulumbi miaka minne iliyopita, ushuhuda wa watu tisini na sita. Aliyeziwasilisha hajulikani.

"Hajulikani," Patroba alisoma kwa sauti. "Mimi ni kinyago, mayi."

"Kinyago kinachokohoa," alisema mama yake. "Kaa chini."

Alikaa, akaeleza kwa ufupi, bila kujihurumia. Miaka tisa iliyopita alikuwa kaskazini jangwani, kwenye mashamba ya jua, akifuta vumbi kwenye vioo vya umeme. Dhoruba ya mchanga ilifunika kambi. Kampuni ilituma majina ya waliofunikwa, na lake lilikuwamo. Lakini usiku ule hakuwa amelala kambini. Alikutwa na wafugaji mguu umevunjika, wakavuka naye mpaka, na upande wa pili akawa mtu asiye na karatasi, anayefanya kazi kwa sahani ya chakula. Kurudi kulimchukua muda huo wote. Vumbi la vioo lilibaki kifuani.

"Muuguzi alinisikiliza kifua kwa sikio lake mwenyewe, dirishani," alisema. "Akasema dawa ipo, imo kabatini. Kabati linataka uso."

Felisia alikwisha kuamini. Hakuamini kwa sababu ya huruma. Vidole kumi haviwezi kuchapishwa pamoja na kovu la utotoni na jasho linalotoka. Mbele yake palikuwa na kosa ndani ya daftari, na kazi yake ilikuwa kuyaondoa makosa kabla ya saa kumi na mbili jioni, saa ambayo daftari lingefungwa hadi uchaguzi mwingine baada ya miaka mitano. Alihisi kitu kilicho karibu na furaha. Kosa lilikuwa wazi, na sheria ilikuwa na njia.

Njia zilikuwa mbili tu. Waliotunga sheria waliogopa zaidi wafu kufufuliwa kuliko walio hai kusahauliwa, kwa hiyo neno la afisa peke yake halikutosha, wala vidole, wala mama. Njia ya kwanza: kaburi lifunguliwe mbele ya mhakiki, likutwe halina mwili wa binadamu. Njia ya pili: thuluthi mbili ya walioshuhudia maziko wakane ushuhuda wao. Atakayekana anakuwa shahidi wa uongo na hapigi kura kwa chaguzi mbili.

"Kaburi liko wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Na ndani yake..." Felisia aliacha hapo, lakini Selina alikwisha kuanza kujibu.

"Hatukuzika mtu, mwanangu. Mwili haukuja. Tulizika m..."

Felisia aliinua mkono. Meza ya ofisi ilikuwa na sikio, na maneno ya shahidi mbele ya sikio hilo yalikuwa ushuhuda. Sentensi ile ikimalizika, mama huyu angepoteza kura yake bila kumsaidia mtu yeyote.

"Usinijibu hapa. Kaburi litajibu lenyewe. Twendeni."

Walipotoka, kibao kilipunguza wawili.

*

Njiani Selina alieleza, kwa kuwa barabara haikuwa na sikio. Kwao mtu akipotea mbali na mwili usirudi, jina lake linabaki limening'inia. Mdogo wake haoi, watoto wa nduguze hawatahiriwi, kila anayeugua anaulizwa kama amemwota aliyepotea. Walisubiri miaka mitano. Kisha wakakata mgomba wenye urefu wa mtu, wakauvika koti la Patroba, wakaulaza kwenye sanduku, wakaulilia na kuuzika. Mdogo wake, Kundu, alioa mwezi uliofuata.

"Na kigingi cha kurekodi ushuhuda wa maziko?" Felisia aliuliza.

"Chifu alikileta kama kawaida. Kikapigiliwa kichwani mwa kaburi, na kila mtu akakiambia, nimemzika Patroba Sitati. Ungetaka tukiambie tumezika mgomba? Mbele ya maiti?"

"Haikuwa maiti, mama."

"Siku ile ilikuwa."

Felisia aliijua ripoti ya wataalamu waliobuni vigingi: kurasa nyingi juu ya uzito wa udongo, na jinsi ya kuzitenga sauti mia moja zinazoimba kwa pamoja. Hakukuwa na ukurasa juu ya sanduku lililofungwa. Nani angemzika asiyekuwapo, kwa machozi ya kweli, bila nia ya kudanganya mtu?

Walizunguka nyumba. Pembeni mwa shamba la mahindi palikuwa na shimo.

Halikuwa kaburi lililotitia kwa mvua. Lilikuwa shimo lililochimbwa kwa jembe, kingo zake bado mbichi, kigingi kimeng'olewa na kulazwa kando. Karibu yake palikuwa na duara la majivu, na ndani ya majivu misumari michache. Wanawake wanne walikaa kwenye mkeka wakichambua kunde. Mmoja wao, Robai Nelima, mwenyekiti wa kikundi cha mazishi, alinyanyua macho na kumkaribisha.

Felisia alifanya alilolifanya kila mara afikapo mahali pa uhakiki, kabla ya kuketi, kabla ya salamu kumalizika, kabla ya kufikiri. Alitoa kishikwambi, akapiga picha, akaandika alichokiona. Saa nne na dakika tano. Kaburi limekutwa wazi. Shimo tupu, majivu kando. Mhakiki hakushuhudia kufunguliwa. Akatuma. Ripoti ya mhakiki ikishatumwa haifutiki. Hiyo ilikuwa thamani yake.

Ndipo akauliza. "Nani amelifungua?"

"Sisi," alisema Robai. "Juzi."

"Kwa nini?"

Robai alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini alifungua mlango baada ya kubishiwa hodi. "Ulitaka tumpokeeje, dada? Mtu aliyezikiwa mgomba haingii kwa mama yake ule mgomba ukiwa bado chini. Tena ukimwita jina lake, unamwita yeye au unauita mgomba? Alipofika alilala siku tatu bandani, anapewa chakula na watoto, hakuna mkubwa wa kumsalimu. Mama yake anamwona dirishani na hawezi kusema jina. Tukachimbua kila kitu, sanduku, koti, nyuzi zilizobaki. Tukachoma. Ndipo akaingia."

"Kupitia nyuma," alisema Patroba. "Wamenitobolea ukuta wa jikoni, maana aliyekwisha kuzikwa hapiti mlangoni. Mayi anataka nizibe tundu, nami sina nguvu ya kukanda udongo."

Wanawake walicheka kidogo. Felisia hakucheka. Alishuka shimoni, akapiga goti, akachota udongo kwenye vijiko vitano vya kupimia, akavitia kwenye kipimo. Mwili wa binadamu huacha chokaa ya mifupa na mafuta ambayo udongo hauyasahau kwa miaka mingi. Kipimo kilisoma vijiko vyote vitano. Hakukuwa na chokaa wala mafuta. Kulikuwa na maji ya mgomba yaliyogeuka chumvi.

Aliutuma ushahidi. Jibu lilirudi kabla hajasimama: kaburi lililofunguliwa bila mhakiki halitoi ushahidi.

Alilisoma mara mbili, akatafuta kasoro yake, akaikosa. Sheria ilikuwa sahihi. Udongo unaweza kubadilishwa. Na shimo tupu lisiloshuhudiwa halithibitishi kwamba mifupa haikuwamo; linathibitisha tu kwamba sasa haimo. Yeye mwenyewe, akikaa upande wa pili wa mtandao, angejibu vilevile.

"Mngesubiri siku mbili," alisema.

"Hakuna aliyetuambia kuna mtu wa kusubiriwa," alisema Robai.

"Mimi nilikuwa hapa. Juzi. Nilikunywa chai kwako, Robai, pale kwenye ua. Nilikuuliza ule moshi ni wa nini."

Robai aliweka kunde chini. "Nikakwambia tunachoma takataka."

"Ndiyo."

"Niliogopa. Umekuja na kigari cha serikali, una kishikwambi, unauliza habari za moshi. Kikundi kinaandikiwa kosa kwa kung'oa kigingi, nilijua hilo. Nikakuongezea sukari ili uondoke upesi."

Kisha Robai, ambaye hakuwa mtu wa kukaa na jambo bila kuligeuza upande wa pili, akasema, "Lakini ulikuwa hapa. Kigari chako kinajua ulikuwa hapa. Saa ileile. Basi sema tulilifungua mbele yako. Hatua chache hivi, nani atapima? Tulichimba, ulikuwepo, ukaona mgomba."

Felisia alilielewa pendekezo hilo kwa ukamilifu wake. Kigari kilirekodi mahali na saa. Kigingi kilirekodi kung'olewa. Nyakati hizo mbili zingelingana. Sentensi moja isiyo ya kweli ingeingia kwenye mfumo, na baada yake daftari la Sikulumbi lingekuwa la kweli kuliko lilivyokuwa asubuhi. Kazi yake nzima ilijengwa kuzuia sentensi kama hiyo, kwa sababu wale waliovaa vinyago nao walikuwa na afisa aliyesema, nilikuwepo, niliona.

"Nimeshatuma," alisema.

"Umetuma nini?"

Aliwaonyesha. Robai alikishika kishikwambi mbali kidogo na macho, akasoma hadi mwisho. Mhakiki hakushuhudia kufunguliwa.

"Wewe una haraka," alisema, si kwa ubaya. "Hata salamu hukungoja ziishe."

Kama asingekuwa ametuma, angefanya nini? Swali hilo lilimjia Felisia akiwa bado pembeni mwa shimo. Hakujua jibu. Sasa hapakuwa na haja ya kulijua.

*

Kufikia saa tisa watu walikuwa wamejaa uani kwa Selina. Felisia aliwaeleza njia ya pili kwa maneno mepesi, akahakikisha kila mmoja ameelewa gharama yake kabla hajakiwasha kishikwambi. Walioshuhudia maziko walikuwa tisini na sita. Wanaohitajika kukana ni sitini na wanne. Kila atakayekana hatapiga kura uchaguzi huu wala ujao. Wasipofika sitini na wanne kabla ya daftari kufungwa, Patroba atabaki alivyo, na waliokana watabaki wamekana.

"Yaani mtu anaweza kuitoa kura yake na isifae kitu?" aliuliza kijana mmoja.

"Ndiyo."

"Hiyo ni kamari."

"Ni kinga," alisema Felisia. "Imewekwa ili watu wasinunuliwe mmojammoja kumfufua mtu." Alijisikia akiitetea, na alijua utetezi ni sahihi.

Patroba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na tundu la ukuta wa jikoni. "Mayi, kaa chini," alisema alipomwona mama yake akisogea.

"Nimekaa miaka tisa," alisema Selina. Akakisogelea kishikwambi, akakiinamia kama watu wanavyomwinamia mgonjwa asiyesikia vizuri. "Mimi Selina Nabangala sikumzika Patroba Sitati. Nilizika mgomba. Mtoto wangu yuko hapa, ana njaa na kifua."

Ushuhuda umetenguliwa, kilisema kishikwambi. Haki ya kura imesimamishwa kwa chaguzi mbili.

Akafuata Kundu, mdogo mtu. Alisema yake haraka, akatoka uani bila kumtazama kaka yake, maana ndoa yake yote ilisimama juu ya maziko yale. Kisha shangazi. Kisha kijana aliyesema ni kamari, akitabasamu kama mtu anayevuka mto wenye baridi. Robai alikana wa saba, akaongeza matusi mawili ambayo kishikwambi hakikuyaandika. Walipofika tisa, mstari ulikuwa umefika hadi lango, na Felisia, ambaye hakuwa na tabia ya kutumaini, alijikuta akihesabu dakika na vichwa, na hesabu ikikubali.

Wa kumi alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Mhakiki, kabla sijasema. Kituo chetu kina wapiga kura wangapi?"

"Mia tatu na wanane."

"Tukitoka sitini na wanne?"

"Mia mbili arobaini na wanne. Arobaini na watano, akirudishwa Patroba."

"Na kituo kinatakiwa kuwa na wangapi ili kibaki?"

Felisia alikuwa na jibu tangu saa nne na nusu. Hakuwa ameficha, alikuwa amengoja kuulizwa, na tofauti kati ya hayo mawili ilimpita sasa kama upepo mdogo wa baridi. "Mia mbili na hamsini."

"Kikipungua?"

"Kinaunganishwa na cha ng'ambo ya mto."

"Na zahanati?"

"Zahanati hufuata kituo. Inahamia huko."

Mwanamke alimpandisha mtoto mgongoni. Mto huo haukuwa na daraja wakati wa mvua. Kila aliyekuwa uani alijua.

Patroba ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi kikohozi kikamchukua, akasubiri kimwachie, akafuta mdomo. "Kwa hiyo mtanifufua," alisema, "ili nikaingie kwenye zahanati ambayo imehama."

"Nyamaza, papa," alisema mama yake, akimwita kama alivyomwita utotoni.

"Nauliza tu hesabu, mayi. Nani amesoma hapa?" Akawageukia waliopanga mstari. "Nendeni mkakame ng'ombe. Nimekula kwenu, mmenisalimu, mmeniita jina. Huko nilikotoka nilikuwa naitwa 'wewe' tu."

Hakuna aliyeondoka mara moja. Walikaa kando kwanza, kwa adabu, wakizungumzia bei ya mbolea, kama inavyokuwa mtu asipotaka kuwa wa kwanza kutoka msibani. Mwanamke mwenye mtoto alimpa Selina mkono wake wa kulia, akaushikilia kwa muda mrefu. Kisha mstari ukawa haupo.

Tisa walikuwa wamekana. Hawakuweza kukanusha kukana kwao. Robai, mmoja wa hao tisa, alirudi kwenye kunde zake.

*

Ilipotimu saa kumi na moja na nusu mvua ilianza. Patroba na mama yake walimfuata Felisia ofisini, kwa sababu alikuwa amewaambia ataandika rufaa na alihitaji maelezo yao. Rufaa aliiandika vizuri, kwa mpangilio, kila jambo na ushahidi wake. Ilipokelewa, ikapewa namba, na tarehe ya kusikilizwa iliyotajwa ilikuwa baada ya uchaguzi, mbele ya jopo ambalo lingeita watu kwa majina yaliyo hai katika daftari.

"Watakuita vipi?" Selina alimwuliza mwanawe.

"Kwa mbinja."

Felisia alimpa Patroba chai ya chupa yake na benchi la nyuma, lililokuwa karibu na ukuta wenye joto la mitambo. Selina alisema anakwenda kibarazani kutazama kama mvua inapungua. Kibao kikasoma: Waliomo, 1.

Dakika tano kabla ya saa kumi na mbili, meza iliwaka. Ilikuwa na swali moja, lilelile alilolijibu katika vituo vyote kwa miaka kumi na mmoja. Je, daftari la kituo cha Sikulumbi ni sahihi?

Ndiyo, na kituo kingepiga kura. Hapana, na kituo kizima kingeondolewa katika uchaguzi huu, wote mia tatu na wanane, hadi kosa litakapothibitishwa kwa njia moja kati ya zile mbili. Hapakuwa na mahali pa kuandika neno la ziada. Waliobuni meza walijua kwamba penye nafasi ya maelezo ndipo udanganyifu huingilia.

Aligeuka. Patroba alikuwa macho, kikombe mkononi, akimtazama.

"Wanakuuliza nini?"

Alimsomea swali.

"Na wewe unaniuliza mimi?"

"Nilitaka ujue."

Patroba alifikiri, au alipumzika; kwa kifua kile ilikuwa vigumu kutofautisha. "Mama yangu hatapiga kura," alisema. "Kundu hatapiga. Yule kijana wa kamari. Ukisema hapana, na wale wengine nao. Itakuwa watu wangapi kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Wote."

"Basi bonyeza, dada. Chai yako ni nzuri."

Alingoja hadi dakika ya mwisho. Hakungoja kwa kutumaini. Sheria ilimpa dakika hizo na alikuwa na desturi ya kutumia muda wote aliopewa. Alipitia majina mara nyingine. Katika ukurasa wa waliozikwa jina lilikuwa mahali pake, na mbele yake sauti tisini na sita, tisa kati ya hizo zimepigwa mstari.

Saa kumi na mbili kamili alibonyeza Ndiyo.

Daftari limefungwa, meza iliandika. Waliosajiliwa, 308. Waliosimamishwa, 9. Marehemu waliosalia katika orodha ya kura, hakuna. Makosa, hakuna.

Taratibu za kufunga zilitaka mhakiki atoke nje na kubandika muhuri kwenye sanduku la mtambo, lililokuwa ukutani upande wa barabara. Felisia alichukua muhuri na tochi. "Narudi sasa hivi," alisema. Patroba aliinua kikombe kidogo kuashiria amesikia.

Kibarazani Selina alisogea kumpisha. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Mlango ulijifunga nyuma yao, na kibao kikahesabu upya: Waliomo, hakuna. Taa za ofisi zikazimika zote kwa pamoja.

Ndani, mtu alikohoa.